Kiboko amelala, kiboko kimekatika: uzi unaounganisha Prolog na ubainishaji wa aina

Sema "kiboko amelala" na kila msikilizaji anamwona mnyama. Sema "kiboko kimekatika" na mnyama ametoweka, tunaona mjeledi. Nomino ni ile ile. Kilichoamua ni kiambishi kidogo mwanzoni mwa kitenzi, yaani neno lililokuja baadaye limerudi nyuma likalipa maana neno lililotangulia. "Nyumba" nayo haijulikani kama ni moja au kumi mpaka useme "imeuzwa" au "zimeuzwa". Na mtu akiita kutoka jikoni "kimevunjika!" bila kutaja kitu, hatujui kama ni kikombe, kijiko au kiti, lakini tunajua kwa hakika si sahani wala mtungi. Shuleni tuliuita huu upatanisho wa kisarufi, tukafanya mazoezi yake mpaka tukachoka.

Naanzia hapo kwa sababu katika kozi ya lugha za programu, ile ya mwaka wa pili au wa tatu, kuna mada mbili zinazowatesa wanafunzi: programu za kimantiki, ambazo karibu kila mahali hufundishwa kwa lugha ya Prolog, na ubainishaji wa aina, yaani namna kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako kwa ajili ya mashine) inavyojua kwamba kitu fulani ni namba au ni matini bila wewe kuiambia. Nimekaa na wanafunzi wa kozi hii mihula kadhaa nikiwasaidia mazoezi, na kila muhula naona wakiziandika kwenye madaftari mawili, kama mada zisizojuana. Naamini kwa dhati kwamba ni daftari moja. Zote mbili zinaendeshwa na tendo moja, na tendo hilo ni kupatanisha, kama kiboko na kitenzi chake.

Tuanze na Prolog. Humo hakuna amri za "fanya hiki, kisha kile". Unaandika yaliyo kweli, unaandika kanuni, halafu unauliza. Vitabu vingi vya Kiingereza hutumia mifano ya ukoo, na kwetu mifano hiyo inanoga zaidi, kwa sababu Kiswahili hakichanganyi ndugu wa mama na ndugu wa baba. Mjomba ni kaka wa mama, basi.

mama(zuhura, salma).
mama(zuhura, hamisi).
mama(salma, idi).
mwanamume(hamisi).

mjomba(M, X) :- mama(A, X), mama(B, A), mama(B, M), mwanamume(M).

Mstari wa kwanza unasema Zuhura ni mama wa Salma. Kanuni ya mwisho inasomeka hivi: M ni mjomba wa X ikiwa A ni mama wa X, B ni mama wa A, B huyo huyo ni mama wa M, na M ni mwanamume. Majina yanayoanza kwa herufi kubwa ni vigeu, yaani nafasi zilizo wazi. Yanayoanza kwa herufi ndogo ni vitu vyenyewe, na ndiyo maana hata majina ya watu yameandikwa kwa herufi ndogo.

Sasa uliza: ?- mjomba(N, idi). Chukua kalamu ufuate, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Prolog inalipatanisha swali lako na kichwa cha kanuni: M na N wanakuwa nafasi moja, X anakuwa idi. Inakwenda kwenye sharti la kwanza, mama(A, idi), na inapata kwamba A ni salma. Sharti la pili sasa limekuwa mama(B, salma), kwa hiyo B ni zuhura. La tatu ni mama(zuhura, M). Habari ya kwanza inayolingana inasema M ni salma. Prolog inalikubali jibu hilo bila wasiwasi, inakwenda kwenye sharti la nne, mwanamume(salma), na hapo inagonga ukuta. Basi inarudi nyuma mpaka pale ilipokuwa na chaguo, inafuta kila ilichoandika baada ya hapo, inajaribu habari inayofuata, M ni hamisi, na safari hii sharti la nne linapita. Jibu: N ni hamisi.

Geuza swali: ?- mjomba(hamisi, Y). Kanuni ile ile, bila kubadilisha herufi hata moja, inakujibu kwamba Y ni idi. Mwanafunzi aliyezoea lugha kama Python au Java hushangaa hapa, na ana haki ya kushangaa. Amezoea fanksheni (vipande vya programu vinavyopokea kitu na kutoa jibu) zenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Katika Prolog mlango ni mmoja, na habari hupita kwenda upande wowote ulio wazi, kama ilivyopita kutoka "zimeuzwa" kurudi kwenye "nyumba".

Tendo lenyewe la kupatanisha linaelezeka kwa maneno machache. Una maumbo mawili, kila moja linaweza kuwa na nafasi wazi. Ikiwa yote mawili ni vitu kamili visivyo na kitu ndani, yawe sawa au uvunje mazungumzo. Ikiwa moja ni kigeu, kipe umbo la mwenzake. Ikiwa yote ni maumbo yenye vitu ndani, hakikisha majina ya nje na idadi ya vitu vinalingana, kisha ingia ndani upatanishe kimoja kimoja, ukikumbuka kila uamuzi uliokwisha kuufanya. Hivyo jozi(X, 3) na jozi(chai, Y) zinapatana, X akiwa chai na Y akiwa 3. Lakini jozi(X, X) na jozi(chai, 3) hazipatani, maana X mmoja hawezi kuwa viwili.

Wazo hili limo tayari katika tasnifu ya Mfaransa Jacques Herbrand ya mwaka 1930. Mwaka uliofuata alikufa akipanda milima, akiwa na umri wa miaka 23. Aliyelifanya kuwa chombo cha kompyuta ni John Alan Robinson, mwaka 1965, katika makala yake juu ya kuthibitisha nadharia kwa mashine. Robinson alithibitisha pia jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka mno: ikiwa maumbo mawili yanaweza kupatana, basi ipo njia moja ya kuyapatanisha iliyo pana kuliko zote, isiyofunga chochote zaidi ya inavyolazimu, na nyingine zote ni matoleo yake yaliyobanwa. Rudi jikoni. Ukisikia "kimevunjika", uamuzi mpana ni "ni kitu kimoja cha ngeli ya KI-VI". Ukikurupuka ukasema "ni kikombe", huenda ukawa sahihi, lakini umejifunga bila ushahidi, na likija neno "cha kukalia" utakuwa umekwama. Kutojifunga kabla ya wakati ndiyo nidhamu yote ya mada hizi mbili.

Prolog yenyewe ilizaliwa Marseille mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, huku Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh, akichangia nadharia ya kuisoma mantiki kama programu. Colmerauer hakuwa akitafuta lugha ya kufundishia mambo ya ukoo. Alitaka kompyuta iweze kuzungumza na watu kwa Kifaransa, na lugha ya watu haiendi bila upatanisho. Kwa Kiswahili, sarufi ya sentensi fupi kabisa huandikwa hivi katika Prolog:

sentensi --> nomino(N), kitenzi(N).
nomino(ki) --> [kiboko].
nomino(a) --> [kiboko].
kitenzi(ki) --> [kimekatika].
kitenzi(a) --> [amelala].

Mshale unasomeka "huundwa na". N ni ngeli, na ni N yule yule pande zote mbili. Ukiipa "kiboko amelala", kwanza itadhani ni mjeledi, itashindwa kwenye kitenzi, itarudi nyuma na kumpata mnyama.

Sasa fungua upande wa pili wa daftari. Mwandishi wa Java ya zamani alilazimika kutangaza aina ya kila kitu: hii namba, hii matini, hii orodha ya matini. Katika lugha za ukoo wa ML, kama OCaml na Haskell, unaweza kunyamaza, na kompaila ikabaini aina zote peke yake, na isikuruhusu kujumlisha namba na jina la mtu. Wanafunzi wengi hudhani inakisia. Hakuna kukisia hapo. Chukua hii ya OCaml:

let tunga f g x = f (g x)

Hakuna namba wala matini humo, hakuna pa kushika. Fanya kama Prolog: kila usichokijua kipe kigeu. Tuseme x ni ya aina A. Tunaona g imepewa x, kwa hiyo g ni fanksheni, na inachopokea ni A. Inachotoa hatukijui, tukiite B, na mshale tuusome "inapokea hiki, inatoa kile". Basi g ni A -> B. Kilichotoka kwenye g kinaingia kwenye f, kwa hiyo f inapokea B na kutoa kitu kingine, C. Jibu la tunga ni kile kilichotoka kwenye f. Unganisha:

tunga : (B -> C) -> (A -> B) -> A -> C

Kila hatua ilikuwa kupatanisha. Tulisema "aina ya g, ambayo haijulikani, ipatane na umbo A -> kitu", kigeu kikajazwa, tukaendelea. Na kwa kuwa hatukujifunga bila sababu, tunga inafaa kwa aina zozote. Ukiandika let ongeza y = y + 1, alama ya kujumlisha katika OCaml inataka namba kamili pande zote, basi y inakuwa namba kamili mara moja. Kitenzi kimeamua nomino.

Roger Hindley aliuonyesha utaratibu huu mwaka 1969, akimtumia Robinson waziwazi, katika muktadha wa mantiki. Robin Milner, bila kuijua kazi ya Hindley, aliufikia tena na kuuchapisha mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya ML, iliyozaliwa Edinburgh ndani ya mradi wa mashine ya kuhakiki uthibitisho. Tazama mji: Edinburgh ile ile ambako Kowalski alikuwa amefanyia kazi, na ambako David Warren alikuwa akiitengenezea Prolog kompaila yake ya kwanza yenye kasi katika miaka hiyo hiyo. Vyuo vimezitenganisha mada hizi katika wiki tofauti za muhula, lakini zilikulia mtaa mmoja.

Kuna sehemu mbili ambapo wengi hukwama, na zote mbili zinafunguka ukizisoma kwa macho ya Prolog.

Ya kwanza ni fanksheni inayojipokea yenyewe. Jaribu kubaini aina ya fun x -> x x. Tuseme x ni A. Lakini x imetumiwa kama fanksheni inayopokea x, kwa hiyo A lazima ipatane na A -> B. Badilisha A kwa thamani yake: (A -> B) -> B. Badilisha tena. Haina mwisho, ni kama kikapu kinachotakiwa kukaa ndani yake chenyewe. OCaml inakataa, ikikueleza kwamba kigeu kimeonekana ndani ya umbo kinalotaka kuwa sawa nalo. Ukaguzi huu ni sehemu ya utaratibu wa Robinson, lakini Prolog kwa kawaida huuruka, kwa kuwa kukagua kila mara kunakula muda. Ndiyo maana ukiandika X = X + 1 kwenye SWI-Prolog, toleo moja la Prolog, itakubali kwa utulivu na kukupa umbo linalojizunguka. Mgeni hudhani ameongeza moja. Alama ya = katika Prolog haihesabu chochote, inapatanisha tu. Hata X = 2 + 3 inakupa 2 + 3, umbo lenye namba mbili ndani. Anayetaka 5 aandike X is 2 + 3.

Ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo kiini cha kazi ya Milner. Andika let rudisha x = x. Aina yake ni A -> A. Sasa itumie kwa namba 3, kisha kwa matini "chai". Kama A ni kigeu kimoja kama vile vya juu, matumizi ya kwanza yatakifanya namba, na ya pili yatagongana. Lakini OCaml inakubali yote mawili. Kwa nini? Kwa sababu kompaila ilipomaliza kusoma maana ya rudisha, ilitazama ni vigeu gani vimebaki huru kabisa, ikaviwekea alama ya "kwa aina yoyote". Tangu hapo, kila ukiita rudisha unapewa nakala mpya, yenye A yake.

Tumeshaliona hilo. Tulipoitumia kanuni ya mjomba kwa Idi, je, X wa kanuni alibaki kuwa Idi milele? Hapana. Kila Prolog inapochukua kanuni, huvipa vigeu vyake majina mapya kwanza, maana kanuni ni kweli kwa kila X. Fanksheni iliyotajwa kwa let ni kama kanuni iliyokwisha kuandikwa. Ingizo la fanksheni, kwa upande mwingine, ni kama kigeu cha swali linaloendelea: bado linajadiliwa, na uamuzi wowote unawafunga wote. Ndiyo sababu ukiipitisha rudisha kama ingizo, (fun r -> (r 3, r "chai")) rudisha, OCaml inakataa kilekile ilichokikubali kwa let. Nimeona wanafunzi wazuri wakilikariri jambo hili kwa ajili ya mtihani na kulisahau wiki hiyo hiyo. Aliyelishika kwa njia ya kanuni na swali halimtoki. Mwaka 1982 Luis Damas na Milner walithibitisha kwamba utaratibu huu daima hupata aina iliyo pana kuliko zote, ikiwa ipo.

Neno moja kuhusu ujumbe wa makosa, kwa kuwa hapo ndipo watu hukata tamaa. Andika let mraba r = r * r, kisha mraba 2.5. OCaml italalamikia 2.5. Lakini kosa lako liko kwenye nyota: katika OCaml nyota tupu ni ya namba kamili, ya desimali ni *. yenye nukta. Kompaila ilipofika kwenye nyota iliamua r ni namba kamili, na hapakuwa na ubishi wowote. Ubishi ulikuja baadaye, 2.5 ilipobisha hodi. Kompaila hutaja mahali pande mbili zilipokutana zikashindwa kupatana. Nani kati yao ndiye mkosaji haijui, na haiwezi kujua. Mtu akiandika "vikombe tatu zimevunjika", kosa liko kwenye nomino au kwenye maneno mawili yanayoifuata? Inategemea alitaka kusema nini. Kwa hiyo ukipata ujumbe wa aina, usikimbilie kurekebisha mstari uliotajwa. Uliza: huyu mwenzake alipata wapi aina yake? Fuata nyuma, kama Prolog inavyorudi.

Zoezi ninalowapa wote wanaokuja kwangu ni kuandika kibainishi cha aina kwa Prolog. Ni mistari mitano:

aina(M, kigeu(X), T) :- tafuta(X, M, T).
aina(M, lambda(X, E), mshale(S, T)) :- aina([X-S|M], E, T).
aina(M, tumia(F, A), T) :- aina(M, F, mshale(S, T)), aina(M, A, S).

tafuta(X, [X-S|_], T) :- !, unify_with_occurs_check(S, T).
tafuta(X, [_|M], T) :- tafuta(X, M, T).

M ni orodha ya majina na aina zake, na [X-S|M] ni orodha hiyo ikiwa imeongezewa mbele jina X lenye aina S. Kanuni ya pili inasema: fanksheni inayopokea X na kutoa E ni mshale kutoka S kwenda T, ikiwa E ni T pale X anapokuwa S. Ya tatu inasema ukiitumia F juu ya A, inachopokea F kipatane na aina ya A. Hakuna mahali tulipoandika namna ya kupatanisha, Prolog inayo tayari. Jina lile refu ndani ya tafuta ni upatanishaji wenye ukaguzi wa kikapu; weka S = T mahali pake na programu yako itaipa x x aina inayojizunguka. Alama ya mshangao nayo ina kazi. Inaizuia Prolog, ikikataliwa na X wa karibu, isiende kuokota X mwingine wa nje mwenye jina hilo hilo. Wengi huandika member, kanuni ya Prolog ya kutafuta kitu katika orodha, hapo, na kosa lao halionekani mpaka majina yajirudie.

Ikifanya kazi, igeuze kama tulivyomgeuza mjomba. Badala ya kutoa programu na kuuliza aina, toa aina na uulize programu:

?- aina([], E, mshale(a, a)).

Inajibu E = lambda(X, kigeu(X)). Ni rudisha, fanksheni inayotoa kile ilichopewa, na hakuna aliyeiandika. Halafu uliza ya mshale(a, b), fanksheni inayopokea chochote na kutoa kitu cha aina nyingine kabisa. Programu ya namna hiyo haipo. Prolog haitakuambia haipo. Itaendelea kuitafuta hadi uisimamishe.